Pini ya Baraza la Bunda

Fundi hakuwa mtu wa kusifu. Ukimpelekea kitambaa kizuri alikigeuza huku na huku akitafuta tobo, na mara nyingi alilipata. Ukimpelekea hadithi alifanya vivyo hivyo, ila badala ya kusema alichoma pini. Kosa moja pini moja, pembeni mwa ukurasa, sawasawa na mstari wenyewe. Niliwahi kurudishiwa muswada wenye pini nyingi hata haukufungika, na neno pekee alilonipa lilikuwa nizirudishe zote, maana miaka ile pini zilikuwa adimu kuliko hadithi.

Musoma nzima ilimwita Fundi, ingawa mafundi cherehani walikuwa wengi. Alikaa kwenye baraza la duka la vyombo mjini, na cherehani yake ya miguu, pasi ya mkaa, na kopo la karafuu alizotafuna kutwa nzima. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kilema, kwa hiyo cherehani aliiendesha kwa mguu wa kulia peke yake, na bado alimaliza suruali kabla wenzake hawajamaliza kuzungumza. Sitasema alizaliwa wapi. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alihakikisha hivyo, kama nitakavyoeleza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yangu ya kupanga ikiwa mtaa wa Kigera, Musoma. Nimetoka kwa wavuvi wa Majita, nikakulia ziwani, na nilikuwa nimeandika riwaya. Nilikuwa nikiiandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwa kuwa madaftari yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa sabuni, foleni kwa sukari, na foleni nyingine hukujua ni ya nini mpaka ufike mbele. Riwaya ilimhusu mwanamke muuza chai anayemngoja mumewe aliyeondoka kwenda kutafuta maisha. Mahali pake palikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa sijawahi kupita Mwanza.

Kwa nini Dar es Salaam? Kwa sababu niliamini riwaya hutokea huko. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, nikafaulu vizuri. Nilipoimaliza niliisoma nikaona haina uhai, nikaifunga kwa kamba nikaiweka chini ya kitanda. Kisha Fundi akakubali kunishonea sketi ikiwa nitamletea karatasi za kukatia vipimo, kwa sababu naye alikuwa hana. Nikampelekea furushi lote, riwaya ikiwa ndani.

Kumbe Fundi alikuwa hakati karatasi kabla ya kuisoma. Wiki ya pili nilipopita kuulizia sketi, sketi ilikuwa haijaguswa. Riwaya ilikuwa mapajani mwake, imejaa pini.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa hapo. Huyu mama yako wa Dar es Salaam anakunywa nini?"

Nikamwambia anakunywa chai, si anauza chai.

"Maji anachota wapi?"

Nikasoma pale alipochoma pini. Mwanamke wangu anatoka alfajiri na ndoo, anateremka ufukweni, anachota maji, anarudi, anabandika chai. Nikamtazama Fundi nisione kosa. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyofanya kila siku ya Mungu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo ni bahari. Wateja wake wote wamekwisha kutapika."

Nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena kwa sababu yeye hakucheka. Akanifungulia pini nyingine. Jioni, mwanamke yule anakaa mlangoni akilitazama jua likizama majini. Kwetu Majita jua huzama ziwani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna maji ambayo jua halizami ndani yake. Fundi akaniambia kwamba Dar es Salaam jua hutoka baharini asubuhi, na jioni linazama nyuma ya nyumba za watu, upande wa bara. "Umelichukua ziwa lenu ukalipeleka pwani," alisema. "Ungeliacha hapa hapa, lina kazi."

Namkumbuka kwa mambo mengi yasiyopatana. Nguo za sikukuu hakuzimaliza kwa wakati hata mara moja. Kila Krismasi na kila Idi baraza lake lilijaa wanawake wenye hasira, naye akiwaambia "kesho" kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma. Lakini muswada alirudisha siku ileile aliyosema, na mara mbili alinifuata shuleni nao akichechemea, mbele ya wanafunzi wangu, pini zikimeta. Alikuwa bahili wa uzi kiasi cha kufumua nguo kuukuu ili autumie tena, ila karafuu zake aligawa kwa yeyote aliyekaa. Alichukia watu wanaosimulia mambo kwa haraka. Mteja akianza, "Basi nikafika pale," Fundi husimamisha mguu wake na kuuliza, "Pale wapi?" na suruali haiendelei mpaka aambiwe.

Kisha kuna huo mguu wake. Wavuvi wakimuuliza umepatwa na nini, aliwaambia ulibanwa kati ya mtumbwi na jiwe siku ya upepo, wakati wa kutia nanga Majita. Alitaja jiwe lenyewe, na wavuvi wakatikisa vichwa, wanalijua. Watu wa Butiama wakiuliza, mguu ulivunjika huko kwao, alipoteleza mwambani akimfuata mbuzi wa watu asubuhi ya umande. Bwana mmoja wa ofisini, mtu wa Tanga, alisimuliwa habari ya trekta na shamba la mkonge, akaondoka akimpa pole na kumtajia vijiji vya kwao. Nilivumilia mwaka mzima, nikashindwa.

"Fundi, huu mguu umevunjika mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Nimesikia mara tatu, na kila mara mahali pengine. Na mimi ndiye unayenichoma pini."

Hakuona haya hata kidogo. Akatema karafuu, akachukua nyingine. "Anayeuliza ana kwao. Nikimwambia mvuvi habari za mkonge, ataufahamu mguu lakini hatauona. Kwa hiyo nauhamisha. Ila nikiuhamisha mguu, nahamisha na upepo, na mawe, na saa ya kwenda na ya kurudi. Umewahi kuona mtu wa mahali hapo akinicheka?"

Nilifikiri. Sikuwahi kuona.

"Siku utakayonikamata na kosa," akasema, "pini itakuwa yako."

Kuna watu wanaokuonea wivu ukiwa na cherehani mpya. Mimi nilimwonea Fundi wivu kwa mguu wake. Aliweza kukusimamisha mahali ambapo hujawahi kufika, nawe ukatazama chini usijikwae. Nikaapa kwamba nitaihamisha riwaya yangu mpaka ipate mahali pa kukanyaga.

Mara ya kwanza niliihamishia Butiama. Nilikuwa na hila yangu: jina la Butiama kila mtu nchini amelisikia, nikadhani litanisaidia kwa wachapishaji. Kazi ilinichukua siku nne. Palipoandikwa Dar es Salaam niliandika Butiama, palipoandikwa soko la samaki niliandika mnada, nikapiga mstari na kumpelekea Fundi kwa madaha. Zilirudi pini nyingi kuliko za mwanzo. Watu wangu wa Butiama waliendelea kusikia mawimbi, na ziwa liko mbali nao. Mume aliondoka kwa meli.

Wakati huo mitumba ilikuwa imeanza kuingia. Milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, maduka yakapata sabuni, na marobota ya nguo za Wazungu yakafika mpaka Musoma. Mafundi wengi walilia kwamba wameuawa. Fundi alilia siku moja, siku ya pili akatundika kibao: TUNAPUNGUZA MAKOTI. Nilipofika na uchungu wangu wa Butiama alikuwa na koti la mtu mnene wa nchi za baridi mezani, na mteja wake, mvuvi mwembamba, amesimama kando.

"Wenzangu wanakata mikono na kupandisha pindo," Fundi aliniambia mbele ya mvuvi, "halafu mtu anatembea ndani ya koti la mtu mwingine. Tazama."

Akalifumua lote. Mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka koti likawa vipande bapa mezani, akavipiga pasi kimoja kimoja. Akatoa bitana nzito akaiweka kando. Akatoa sufi ya mabegani. Mifuko ya ndani akaitazama kwa muda akauliza mvuvi ana nini cha kuweka humo. Mvuvi akasema, "Tumbaku tu, na ndoana." Mfuko mmoja ukabaki, ukahamishwa chini ambapo mkono wake ulifika. Kilichotoka pale siku mbili baadaye kilikuwa koti la mtu wa Majita, na kama hukuiona ile sufi ya mabegani mezani usingejua lilitoka wapi. Ndiyo, siku mbili. Lile hakulichelewesha, alikuwa akinifundisha.

"Wewe ulibadilisha lebo," aliniambia.

Mwaka uliofuata nilihamishwa kikazi, nikapelekwa Bunda, nikapanga mtaa wa Manyamanyama. Nilinung'unika sana. Bunda ilikuwa mji wa njiani. Watu walishuka kununua mahindi ya kuchoma na kupanda tena. Nilikaa miaka mitatu, na mwaka wa pili nikagundua kwamba mwanamke wangu yuko pale. Alikuwa barazani kwenye duka moja karibu na kituo cha mabasi, akiuza chai na maandazi. Hakuwa mmoja, walikuwa watatu au wanne, na mimi nilikunywa chai ya wote.

Nikaifumua riwaya. Nilifumua kweli, kwa machozi kidogo, siwezi kukataa. Kule Dar es Salaam mume aliondoka kwa meli, na mke akangoja katika ukimya. Bunda hakuna ukimya. Kila lori na kila basi linashusha mtu aliyemwona mumeo: mmoja kamkuta Tarime ana duka, mwingine kamzika Sirari, wa tatu kamwona Mwanza na mke mwingine, na wote wanakunywa chai yako wakisimulia. Mwanamke wangu, aliyekuwa mpole kwa kukosa la kufanya, akageuka mkali. Akaanza kuuliza maswali. "Alivaa nini? Alikuwa anatazama upande gani?" Sikumpangia hayo. Yalitoka pale alipokaa. Siku niliyoandika sura ile nilitoka nje nikatembea mpaka uwanja wa mpira na kurudi, nikiongea peke yangu, na sikujali nani ananiona.

Na katikati ya kitabu niliweka jua. Mume aliondoka msimu wa pamba, mwezi wa saba, wakati baraza lile ni kivuli kutwa nzima. Mwanamke hana kalenda, hataki kuhesabu. Lakini siku moja ya Desemba anahisi joto vidoleni mwa miguu, anatazama chini, anaona jua limeingia barazani mpaka kwenye benchi lake, na hapo anajua ni muda gani amengoja. Anasimama, anafunga biashara, anakwenda kumtafuta mwenyewe. Ukiliondoa jua lile, kitabu hakina miguu.

Nilirudishwa Musoma mwanzoni mwa mwaka. Kufikia Desemba mchapishaji mmoja alikuwa amenijibu kwamba anausubiri muswada hadi mwisho wa mwezi, asipouona basi. Mimi na Fundi tulikuwa tumewekeana ahadi: hautatumwa mpaka urudi bila pini. Nikampelekea. Wakati huo alikuwa amepunguza kazi, macho yake yamechoka, na anakaa kwenye chumba mtaa wa Bweri, akisoma karatasi ikiwa karibu kugusa pua. Siku aliyosema ilipofika nikaenda.

Muswada ulikuwa bapa. Nikaanza kuufunga kwa kamba. Kisha nikaona kichwa kimoja cha pini, katikati kabisa.

"Baraza lile nimelikalia," Fundi alisema. "Nilikuwa nakwenda Bunda na cherehani yangu, watu wakipata pesa za pamba wanataka nguo. Nilikaa pale pale. Lile baraza halipati jua, Mwalimu. Asubuhi mpaka jioni, kivuli. Ndiyo sababu nililichagua."

Nilimwambia mimi nililiona jua. Akaniuliza nililiona au nililitaka. Mtu aliyewahi kunywesha watu chai ya maji ya bahari hawezi kuapia macho yake. Nilirudi Kigera nikiwa nimefura, nikasema nitautuma tu, Fundi si mchapishaji. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake Bweri.

"Vaa kofia, Fundi. Tunakwenda Bunda."

"Na kama hakuna jua?"

"Nitafumua."

Tulipofika Bunda kulikuwa na mawingu. Baraza lilikuwa lilelile, na mama mmoja wa maandazi ambaye sikumjua akatukaribisha kwenye benchi la ukingoni. Kivuli kila mahali. Fundi akaagiza chai, akaisifu, akanyoosha ule mguu wake wa kushoto, akatazama huku na huku kwa raha ya mtu aliyerudi kwake. "Kivuli kizuri hiki," alisema. Baada ya nusu saa akakisifu tena. Nilikuwa na muswada mapajani na pini yake ndani, na nilianza kupanga kichwani ni sura zipi zitakufa.

Saa saba kasoro wingu lilisogea. Mstari wa mwanga ulitokea chini ya ngazi, ukang'aa kwenye ukingo wa baraza, na ukafika kwenye kandambili za Fundi. Yeye hakuuona, macho yake hayakuuwahi. Ila niliona vidole vya mguu wake vinajikunja, kisha vinatulia. Akainama akaupapasa mguu. Akanyoosha mkono akaushika mwanga wenyewe, akakigeuza kiganja.

"Mama," akamwita yule muuza maandazi, "hili jua linaingiaga humu kila siku?"

"Mwezi huu ndiyo, Mzee. Jioni linafikaga huku ndani kwenye jiko. Mwezi wa sita, wa saba, halipo kabisa, linapitaga nyuma ya paa. Ulikuwaga hapa lini?"

Fundi alikuwa amelikalia baraza lile miaka mingi, na miaka yote hiyo alikuja na msimu wa pamba na kuondoka nao. Hakuwahi kuliona Desemba.

Akaomba muswada. Akaufungua kwa vidole, akaipata pini bila kutazama, akaichomoa. Hakuirudisha kwenye kola yake, alikozoea kuzichomeka. Aliichomeka kwenye kola ya gauni langu, akaifunika kwa mkunjo isinichome, akainywa chai yake iliyopoa. Nilitaka kupiga vigelegele pale barazani. Nilijikaza kwa sababu ya umri wake, lakini furaha ile sijaipata tena, hata siku kitabu kilipotoka chapani na Bunda yangu yote ikiwa mahali pake, mpaka jiko la yule mama.

Tulipokuwa tukingoja basi la kurudi, mama wa maandazi alikuja kukusanya vikombe. Akautazama mguu wa Fundi, uliokuwa sasa juani mpaka gotini.

"Pole, Mzee. Mguu uliuumizia wapi?"

Fundi akatafuta karafuu mfukoni, akaiweka mdomoni, akajiweka sawa kwenye benchi.

"Hapa hapa," akasema. "Barazani hapa. Ilikuwa Desemba, saa hizi hizi, jua limefika kwenye ukingo huu, na mimi nimesinzia."

Mama akaitua ndoo ya vikombe, akakaa kusikiliza. Akatazama ukingo aliouonyesha, akatikisa kichwa, na hakumcheka.